Barua kwa mwanangu: Walete wajukuu, tembe lina kazi yao

Mwanangu,

Umeuliza kama watoto waje likizo hii ya Juni tunapokarabati tembe la babu yako hapa Mvumi, Dodoma, nyumba ile ya udongo yenye paa bapa la udongo, au wabaki Dar mpaka mafundi wamalize, maana unaogopa wataumia na kutusumbua.

Waje. Ila siku ya kushusha paa watashinda kwa shangazi yao. Udongo ule wa juu ni mzito, na nguzo zilizoubeba zimeliwa na mchwa huko chini. Wala wasitie mikono kwenye nyufa, nge wanapenda humo.

Paa likishashuka, kazi ni yao pia. Mkubwa nitampa chupa inayoonyesha ndani: atie udongo, ajaze maji, atikise, aiache itulie. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi hubaki juu. Ataona mwenyewe kwa nini udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, na kwa nini tunauongezea mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Kisha akandike vipande vya majaribio nyuma ya nyumba, kila kimoja na mchanganyiko wake, aandike vipimo kwenye daftari. Kisichopasuka ndicho fundi atakachofuata. Nimeshamwambia, alicheka, akakubali. Mdogo atakanyaga udongo pekupeku, sisi tukishatoa miiba na vipande vya chupa.

Nisichotaka ni kumpa mtoto ukuta wa kumridhisha, halafu jioni fundi aurudie. Watoto wanaona. Alama za vidole vyao zikibaki ukutani, zibaki.

Habari ya lipu ya saruji uliyoitaja, sahau. Saruji haishikani na udongo. Maji yakipenya nyuma yake hayana pa kutokea, ukuta unalainika ndani huku nje unapendeza, mwishowe lipu inabanduka vipandevipande. Tukikandika Juni tuna miezi kadhaa ya jua kabla ya mvua za Desemba. Nyufa tutaziziba kila mwaka, na hiyo nayo mtoto anaiweza.

Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa na matembe mengi yakaachwa yaanguke. Wanao hawajawahi kulala ndani ya tembe. Sioni kwa nini walikute limekwisha, kama wageni.

Waje na viatu vya kufunika na kofia. Nawe omba ruhusa kazini, boriti zile hazibebwi na wazee.

Mama yako