Uwanja mdogo mjini: kabla ya mzinga, angalia kwanza tunachokiua

Mwanzisha uzi anasema ana uwanja mdogo mjini, amepanda maua, na sasa anataka kuweka mzinga wa nyuki ili asaidie kulinda bayoanuwai, yaani aina mbalimbali za viumbe hai. Anauliza kama yuko njia sahihi. Ninatunza bustani ya jengo la makazi kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Ndugu, mzinga uache kwanza. Duniani kuna spishi za nyuki zaidi ya 20,000, na za nyuki wa asali ni chache tu kati ya hizo. Walio wengi hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujitegemea: anachimba shimo ardhini au anatafuta tundu kwenye mti mkavu, anaweka chavua, anataga yai juu yake, anaziba. Mizinga ikizidi mahali penye maua machache, hawa wapweke ndio wanaokosa chakula.

Kwetu kuna kipande cha udongo mtupu kando ya ukuta, kinapigwa jua la asubuhi. Kamati ya jengo ilitaka kukimwagia zege, eti kinachafua mandhari. Niliwaomba waje wachuchumae pale nami. Udongo wote una vitundu vinavyotoshea penseli, kila kimoja kimezungukwa na kichuguu kidogo cha mchanga laini, na nyuki wadogo wanashuka miguu ya nyuma ikiwa ya njano kwa chavua, wanazama humo. Mama mmoja aliyekuwa anashikilia sana hoja ya zege ndiye siku hizi anayewafukuza watoto wasikanyage hapo. Kwa hiyo usifunike uwanja wote kwa saruji, vigae au nyasi za plastiki. Acha sehemu ya udongo wazi, acha majani makavu chini ya miti, na gogo bovu lilaze pembeni badala ya kulichoma.

Maua nayo ni nusu ya kazi. Kipepeo aliyekomaa anakunywa nekta popote, lakini kiwavi wake hula majani, na spishi nyingi hukubali mmea mmoja au jamii moja ya mimea tu. Ndiyo maana nasisitiza mimea ya asili ya eneo lako. Ukiona majani yametobolewa, usikimbilie dawa. Hata ndege wengi wanaokula mbegu hulisha makinda yao wadudu, hivyo ukimaliza viwavi umemaliza na makinda.

Jambo ambalo halijatajwa kwenye uzi huu, nami linaniuma, ni vioo na taa. Ndege wengi wanaohama husafiri usiku, mwanga wa majengo unawavuta mjini, na kunapokucha wanaona miti kwenye kioo wakidhani ni miti kweli. Oktoba 2023 jengo moja tu la Chicago, McCormick Place, liliua karibu ndege 1,000 kati ya usiku na asubuhi yake. Mwaka uliofuata vioo vilibandikwa vitone vidogo, na vifo vikashuka kwa takriban asilimia 95. Hilo hata wewe unaliweza kwenye dirisha lako: vitone au mistari, upande wa nje, nafasi isizidi sentimeta 5. Picha moja ya mwewe katikati ya kioo haisaidii, kwa sababu ndege atapita pembeni yake na kugonga palepale.

Taa za nje zielekeze chini, chagua za rangi ya njano badala ya nyeupe yenye ubluu, na usiku wa manane zima zisizo na kazi.

Paka akae ndani usiku.

Halafu zungumza na jirani. Uwanja wako peke yako ni mdogo, lakini wa kwako, wa kwake na miti ya barabarani vikishikana, ndege na wadudu wanapata njia ya kupita. Mkienda halmashauri kuomba miti isikatwe, msiende mikono mitupu: Desemba 2022 nchi zilikubaliana Mfumo wa Bayoanuwai wa Kunming-Montreal, na lengo lake la 12 linahusu kuongeza na kuboresha maeneo ya kijani mijini. Lichapisheni, mliambatanishe na barua, na mdai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.