Rili ya baharini kwa kijana anayetoka ziwani

Upepo wa kaskazi ukikaribia, vijana wa boti wa Jinja, Entebbe na kule Paraa huanza kuulizia kazi za Watamu, Malindi na Shimoni, pwani ya Kenya, ambako boti hutoka na wageni kuwinda sulisuli, jodari na nguru. Baada ya kazi huja swali la rili, kile kifaa cha kwenye fimbo kinachoviringisha uzi wa kuvulia: ninunue ipi? Wengine huuliza huku wameshaamua. Wameona video, wanataka Shimano Stella, rili ya bei kubwa, na kwa pesa hiyo unapata bodaboda iliyotumika. Mdogo wangu, tulia kwanza.

Usidhani unaanza sifuri. Sangara, huyu mputa wetu, anaweza kupita kilo 100 pale chini ya maporomoko ya Murchison, na waongozaji wengi wa huko tayari wanatumia rili zilizotengenezewa bahari. Nguvu ya samaki unaijua. Yaliyobaki ni mawili: umbali na chumvi.

Sangara hupiga mbio fupi nzito, hutikisa kichwa, hutafuta jiwe la kujificha. Jodari hana shida na jiwe. Anashuka tu, na mita 200 za uzi zinaweza kuondoka kabla mgeni hajaweka miguu sawa. Muda wote huo breki, yaani visahani vya ndani ya rili vinavyobana uzi usitoke ovyo, inasugua, na msuguano huzaa joto. Ndiyo maana dukani siulizi idadi ya beringi, ingawa wauzaji hupenda sana kuitaja. Nauliza breki imetengenezwa kwa nini. Visahani vya kaboni huvumilia joto. Vya kitambaa kizito vikichoka au vikilowa maji ya chumvi hushika na kuachia kwa mishtuko, na mshtuko mmoja unatosha kukata uzi.

Kuna hesabu hapa ambayo wengi huipita. Breki uliyoifunga kilo 6 spuli, lile gurudumu la uzi, ikiwa imejaa haibaki kilo 6. Uzi unavyotoka, kipenyo cha uliobaki kinapungua, na samaki lazima avute kwa nguvu zaidi ili spuli izunguke. Kipenyo kikifika nusu, zile kilo 6 zimekuwa 12, tena hujaongeza uzito wa maji yanayoukokota uzi mrefu. Sisi wa ziwani tukiona samaki anaenda mbali, mkono hukimbilia kukaza. Baharini uzi ukipungua, unalegeza kidogo. Hapo ndipo utaona faida ya spuli pana: kipenyo chake hupungua polepole.

Breki haipimwi kwa vidole. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki mwaloni, funga uzi, mwenzako aishike, wewe inua fimbo kama unayepigana na samaki. Soma mizani pale uzi unapoanza kutoka. Wengi hufunga theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa mgeni asiyezoea mimi napendelea robo. Uzi wa ratili 50 ni karibu kilo 23, kwa hiyo unatafuta kati ya kilo 6 na 7 na nusu. Halafu endelea kuangalia mshale wakati uzi unatoka. Ukitulia, vizuri. Ukirukaruka kutoka 4 hadi 8 na kurudi, hiyo rili iache dukani hata kama inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Sasa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inavuta unyevu wa hewani, na kazi ya kula chuma inaendelea hata rili ikiwa kabatini. Mahali skrubu ya chuma cha pua inapogusana na alumini, maji ya chumvi huruhusu umeme mdogo kupita, na anayeliwa ni alumini. Niliwahi kumfungulia mgeni rili yake aliyotoka nayo pwani akaja nayo Murchison. Nje safi kabisa. Kutoa spuli, unga mweupe umezunguka kila skrubu, beringi ya mkono imegeuka kahawia, na kichwa cha skrubu ya kwanza kikakatika kabla haijasogea. Siku ile mgeni alivua kwa rili ya kuazima.

Kwa hiyo tafuta yenye sili, yaani vizibo vya kuzuia maji yasiingie ndani, na usome namba zake. Penn Spinfisher VI imeandikwa IPX5, Slammer IV ni IPX6. Namba hizo zinahusu maji yanayorushwa kwa bomba. Hazisemi kwamba unaweza kuizamisha rili kwenye ndoo, kama ninavyoona vijana wakifanya jioni. Na usiipige kwa mashine ya kuoshea magari. Kaza breki, nyunyizia maji baridi taratibu, futa, iache kivulini ikauke, kisha legeza breki kabisa ili visahani visilale vimebanwa. Skrubu zote zipake grisi ya baharini kwenye hesi zake, ile mikato ya kukazia. Ile dawa ya kopo ya kulegezea nati zilizoshika kutu si grisi. Inaiosha grisi iliyokuwepo.

Gia zisikunyime usingizi. Spuli yenye mzunguko wa sentimita 20 na gia ya 5 kwa 1, yaani mkono ukizunguka mara moja uzi huviringishwa mara tano, hurudisha mita moja kila ukizungusha mkono. Ya kasi inafaa kurusha chambo bandia kwa kolekole, ya polepole inafaa kumnyanyua jodari kutoka kina kirefu.

Rili kubwa za kukokotea chambo nyuma ya boti, za breki ya wenzo (inayokazwa kwa kusukuma kijiti), kama Shimano TLD au Penn International, kwa kawaida ni mali ya boti. Hizo zifahamu, usizinunue. Yako mwenyewe iwe ya spining, ile inayoning'inia chini ya fimbo, namba 8000 hadi 10000, mwili wa chuma, yenye sili. Mwili wa grafiti hauli kutu na bei yake ni ndogo, lakini hujipinda mzigo ukizidi na gia zikaacha kukaa sawa. Ukirudi Murchison hiyo hiyo ya chuma itakufaa kwa sangara, ila uilinde na mchanga wa mto.

Wageni wengine huacha rili kama bakshishi. Pokea, shukuru, kisha toa spuli uangalie kama kuna ule unga mweupe kabla hujaitegemea kazini.

Ukijaza uzi wa kusuka, anza na mizunguko michache ya nailoni, maana ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma wote huteleza, na utadhani breki imekufa. Simamia milimita 2 au 3 kutoka ukingo wa spuli. Na ujaze ukiwa Jinja, mwenzako akiukaza uzi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu uliojazwa kilegevu hujichimbia katikati ya mizunguko yake jodari wa kwanza akishuka, na hapo unakatika.