Korongo aliyenijua na korongo asiyenijua

Umeuliza kama ndege wa bustani ya wanyama humjua mtu anayemtunza, au anachojua ni ndoo ya chakula tu. Nimestaafu sasa, lakini nilitunza ndege miaka mingi, tangu enzi ambazo kazi hii ulijifunza kwa kumfuata nyuma mkongwe aliyekutangulia.

Ndege anakujua, tena sana. Siku moja nilivaa koti la mvua la mwenzangu, heroe wote (wengi mnawaita flamingo) wakajikusanya ng'ambo ya bwawa, shingo juu, hadi waliposikia sauti yangu. Ila kazi yenyewe ni wewe kuwajua wao. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Ukimkuta amejikunyata, manyoya yamemtutumka, ujue anaumwa siku nyingi. Ndiyo maana kila alfajiri nilisimama kimya kabla ya kumwaga chakula: nani kachelewa kuja, nani anachechemea, kinyesi kina rangi gani. Niliyemtilia shaka nilimkamata nikampapasa mfupa wa kidari. Ukiusikia umechongoka kama makali ya kisu, huyo hajala vya kutosha kwa muda mrefu.

Heroe walinifunza jambo jingine. Ule wekundu wao hutokana na chakula, yaani mwani na vijidudu vya majini. Ukiwalisha nafaka tupu, manyoya mapya huota meupe. Zamani watunzaji waliwachanganyia karoti na paprika. Na wakati wa kulea, baba na mama wote hutoa kooni maziwa mekundu ya kumlisha kinda, wao wenyewe wakazidi kupauka. Sikuwahi kuchoka kuwatazama.

Sasa nije kwa korongo taji, maana ndiye jibu lako hasa.

Jozi moja ilitelekeza yai. Tukalitia kwenye mashine ya kutotolesha, na baada ya takribani mwezi akatoka kifaranga. Nikamlea mimi. Nilimlisha kwa mkono, nikazungumza naye, akanifuata kila niendako akilialia nikimwacha hatua mbili. Nilimpenda kama mwanangu.

Alipopevuka, akiwa na miaka kama mitatu, akaanza kunichezea. Mnaomjua korongo mnaijua ngoma yake: anainama, anaruka juu mbawa wazi, anaokota kijiti na kukirusha. Vyote hivyo alinifanyia mimi, nikiwa nimesimama na ufagio. Tukamletea jike, akamfukuza na kumdonoa hadi tukamtoa. Nikienda likizo, wenzangu walimkuta kasimama mlangoni mwa banda, chakula hajakigusa. Hakuwahi kupata mwenza hadi alipokufa.

Baadhi ya ndege, hasa wale wanaotembea mara tu wanapoanguliwa, humchukua wanayemwona siku za mwanzo kuwa ndiye wa aina yao. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria wa tabia za wanyama, aliyaeleza haya kwa mabata bukini miaka ya 1930, na sisi tulikuwa tukilea kana kwamba hayajasemwa. Waliowalea kondori wa California, ndege wakubwa wa Marekani wanaokula mizoga, walikuwa makini zaidi. Mwaka 1987 kondori hao walikuwa wamebaki 27 tu duniani, wote kizuizini, na makinda waliolelewa na watu walilishwa kwa kikaragosi cha mkononi chenye sura ya kichwa cha kondori mzima, mlezi mwenyewe kajificha.

Tulipopata yai jingine la korongo, nikasema safari hii nitafanya hivyo. Nilijifunika shuka jeupe kuanzia kichwani, mkononi nina kichwa cha korongo kilichoshonwa kwa kitambaa, nikidonoa chini chakula ili kifaranga aige. Kilichonitesa ni kunyamaza. Alipokuwa akilia usiku nilimsikia, na sikumjibu neno. Mara alipopata nguvu tukamweka banda linalopakana na la wakubwa, awe anawaona kutwa nzima.

Miezi kadhaa baadaye tukamfungulia, akaingia kundini. Asubuhi moja nikapita na ndoo, bila shuka. Kundi zima likanikimbia, naye katikati yao, hakugeuka hata mara moja. Nikasimama palepale nikimtazama anavyokwenda, na moyo wangu ulijaa.