Sauti ndani ya sauti: maswali yenu ya wiki hii

*Eti kweli unaweza kuficha sauti nyingine ndani ya faili la WAV, mtu akaplei asijue? (Msomaji, Sinza)*

Kweli kabisa ndugu yangu. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kiwango cha CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16 (nasema biti za kompyuta, sio biti za singeli), sasa ile biti ya mwisho ni ndogo mno, ukiigeuza kipimo kinasogea hatua 1 tu kati ya 65,536, sikio litajulia wapi? Ukizichukua hizo za mwisho zote unapata biti 88,200 kwa sekunde, yaani wimbo wa dakika 4 unabeba kama MB 2.6 tumboni, maongezi ya dakika 5 yaliyobanwa hadi kbps 64 (biti 64,000 kwa sekunde) yanaingia na nafasi inabaki. Ila wimbo ukiwa na sehemu za kimya, mfano qanuni inaanza peke yake, mtu wa hedifoni akipandisha volyumu sana anaweza kusikia kamvumo.

*Nilificha maelezo yangu ya mdomo kwenye biti ya muziki niliyotengeneza, nikawapa jamaa wa kuingiza nyimbo kwenye flash pale Kariakoo, kufungua nyumbani hakuna kitu. (Prodyuza, Mbagala)*

Pole sana kaka, mimi yalinikuta hayohayo na kazi ya mteja, niliumia. Hapo waligeuza mp3, na mp3 kazi yake ni kutupa vile ambavyo sikio halivisikii, na wewe ndo ulikoficha hukohuko! Flash iende na WAV au FLAC (inabana faili bila kutupa sauti), na nakala yako usiache kwa mtu.

*Kwahiyo mp3 haifichi kitu?*

Inaficha, kwa njia yake. mp3PRO, aina ya mp3 ya 2001, iliweka maelezo ya sauti za juu kwenye nafasi za ziada za faili, plea ya mp3PRO ilizirudisha, ya kawaida ilipiga wimbo uleule ila umefifia.

*Nimekuta CD za marehemu baba zina alama ya HDCD, ni nini? (Dada wa Temeke)*

Dada umepata mali. HDCD ni namna ya kurekodi CD iliyotoka 1995, na amri zake kwa plea zimefichwa kwenye biti ileile ya mwisho, plea inayozielewa inakupa sauti pana zaidi, ya kawaida inapiga tu kama CD yoyote. Ukizikopi toa WAV au FLAC, usishushe wala kupandisha volyumu ya faili maana amri zinafutika, na CD zenyewe usizitupe.