Aliyeweka kasia chini akashika piano

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mwanamichezo gani wa zamani anayestahili kukumbukwa kwa jambo jingine kuliko mchezo wake?" Muhammad Ali atapata kura nyingi, na sitabishana na mtu. Kura yangu inakwenda kwa Frederick Septimus Kelly, mpiga makasia aliyepata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1908, akauawa Ufaransa mwaka 1916 akiwa na cheo cha jeshi la majini. Kila anapoandikwa, medali hutangulia, kifo kikafuata, na habari ikaishia hapo. Kinachonivutia mimi ni kilichopita katikati: mtu asiye na mpinzani katika mchezo wake aliuacha akiwa kileleni, akaenda kuhangaika na kazi ambayo hakuwa na hakika kama itamkubali.

Kelly alizaliwa Sydney, Australia, mwezi Mei 1881. Baba yake alikuwa Mwairishi aliyetajirika kwa biashara ya sufu, kwa hiyo kijana alipelekwa Uingereza kusoma Eton, kisha chuo cha Balliol, Oxford, alikopata ufadhili wa muziki. Alianza piano akiwa mdogo sana. Makasia yalimkuta shuleni, kama yanavyomkuta kila kijana wa Eton, ila yeye yalimkaa mwilini ajabu.

Wasomaji wengi wa pwani wanajua mbio za ngalawa, lakini makasia ya Waingereza yana sheria zake, nami nitagusia moja tu. Katika mashua ya watu wanane kila mtu anashika kasia moja kwa mikono yote miwili, na mtu wa tisa ameketi akishika usukani na kupiga kelele. Katika mashua ya mtu mmoja unashika makasia mawili, mgongo umeelekea unakokwenda, na hakuna wa kukusaidia ukiyumba. Kelly alikuwa mfalme wa mashua ya mtu mmoja. Huko Henley, kwenye mto Thames, alishinda kombe la Diamond Sculls mwaka 1902, 1903 na 1905. Mara hiyo ya mwisho alitumia dakika 8 na sekunde 10, na hakuna aliyeupita muda huo hadi mwaka 1938. Miaka 33! Mashua zikaboreshwa, mazoezi yakabadilika, waliozaliwa mwaka ule wakakua wakaoa, na muda wa Kelly uko palepale.

Mtu ambaye Kelly alimshinda katika fainali ya 1905 aliitwa Harry Blackstaffe, mwuza nyama wa London. Mwaka 1908 Olimpiki ilifanyika London, na mashindano ya makasia yakapelekwa Henley kulekule. Dhahabu ya mashua ya mtu mmoja akaichukua Blackstaffe, akiwa na umri wa miaka 40. Kelly, mwenye miaka 27, hakushindana naye. Alikuwa ndani ya mashua ya wanane ya klabu ya Leander, timu iliyotaniwa kuwa ya wazee kwa sababu baadhi yao walikwishastaafu wakaitwa tena. Guy Nickalls alikuwa na miaka 41. Waliwapiga Wabelgiji wa Ghent, ambao miaka miwili mfululizo walikuwa wamekuja Henley na kuondoka na kombe kubwa mbele ya macho ya Waingereza. Furaha ilikuwa kubwa, naielewa. Lakini medali ile ilikuwa ya kazi ya watu wanane na msukani wao, na Kelly aliipata akiwa njiani kuelekea kwingine.

Tangu 1903 alikuwa Frankfurt, Ujerumani, akisoma piano na utunzi katika chuo cha Hoch. Hebu fikiria: kijana anayeshangiliwa kila kiangazi mtoni, majira mengine yote anaketi kwenye kiti cha piano akirudia vidole vilevile, akisahihishwa kama mtoto. Shajara zake, zilizohifadhiwa Australia, zinamwonyesha mtu mkali kwa nafsi yake, anayehesabu saa za mazoezi na kujilaumu kwa kila noti iliyokwenda kombo. Baada ya 1908 aliachana na mashindano kabisa. Akapiga maonyesho Sydney mwaka 1911, akarudi London, akawa mwenyekiti wa chama kilichoandaa maonyesho ya muziki, akashirikiana jukwaani na Pablo Casals, mpiga selo maarufu. Je, alikuwa mpiga piano mkubwa? Mimi nafundisha kwaya, sikio langu si la profesa, lakini vipande vyake vya piano vya miaka ile nikivisikia namsikia mwanafunzi aliyefundwa vizuri sana, asiyetaka kumwudhi mwalimu. Kama angeishia hapo, nisingeandika barua hii.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alijiunga na wanamaji wa akiba. Uingereza ilikuwa na watu wa akiba wengi kuliko nafasi zilizokuwamo melini, basi Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, akaamuru waliobaki wafanywe askari wa nchi kavu. Batalioni zao zikapewa majina ya maamiri: Nelson, Drake, Howe, Hood. Wakaendelea na desturi za melini hata wakiwa matopeni. Walifuga ndevu, vyeo vikabaki vya baharini, na mtu akitaka kutoka kambini aliomba ruhusa ya "kushuka pwani". Majenerali wengine wa jeshi la kawaida waliona ni mzaha mtupu. Sisi huku tunalo pacha la kisa hicho upande wa adui: meli ya Königsberg ilipoangamia Rufiji mwezi Julai 1915, mabaharia wake wa Kijerumani waling'oa mizinga yote, wakaiburura porini na kupigana kwa miguu pamoja na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki. Aliyefika Fort Jesus, Mombasa, ameuona mmoja wa mizinga hiyo.

Kelly aliwekwa batalioni ya Hood. Mapema 1915 walipakiwa melini kwenda Gallipoli, Uturuki. Meza yao ya chakula ilikuwa ya wasomi watupu: mtoto wa Waziri Mkuu Asquith, mwanamuziki Denis Browne, na mshairi Rupert Brooke, aliyekuwa ameshaanza kuvuma. Kabla hata ya kufika vitani Brooke aliumwa na mbu, damu ikaingia sumu, akafa tarehe 23 Aprili. Usiku uleule walimpandisha kwenye kisiwa cha Skyros, Ugiriki, kwa njia ya mawe, taa zikimulika hatua kwa hatua, wakamzika kwenye shamba la mizeituni. Mzeituni mmoja uliinama juu ya kaburi. Rafiki zake wakabaki nyuma kukusanya mawe na kuyapanga juu yake. Kulipopambazuka meli iling'oa nanga.

Humo ndimo Kelly alimopata muziki wake. Akaanza kutunga maombolezo ya vinanda vya nyuzi, akaendelea nayo katikati ya mizinga, mwezi Juni akajeruhiwa, akayamalizia hospitalini Alexandria, Misri. Msikilize pale fidla zinaposhikana noti za chini, haraka na kwa sauti ndogo: mwenyewe aliandika kwamba alitaka isikike minong'ono ya majani ya ule mzeituni. Hakuna noti ya kuonyesha ustadi. Mwanafunzi wa Frankfurt, aliyefundishwa na Wajerumani na sasa anapigana dhidi yao na dhidi ya Waturuki, hatimaye ameacha kumtazama mwalimu usoni.

Huko huko Gallipoli alitunga pia sonata ya fidla na piano kwa ajili ya rafiki yake, mpiga fidla Jelly d'Arányi. Jeshi lilipoondoka rasi ya Helles mwezi Januari 1916, Kelly alikuwa miongoni mwa wa mwisho kutoka mahandakini, akapewa nishani ya ushujaa ya jeshi la majini, DSC.

Kifo chake nitakipitia haraka, maana ndicho kinachosimuliwa kila mahali. Tarehe 13 Novemba 1916, alfajiri yenye ukungu mzito, Hood walishambulia karibu na kijiji cha Beaucourt, kando ya mto Ancre, mwishoni mwa vita vya Somme. Kelly aliongoza kundi lake kuuvamia mzinga wa rashasha, akauawa hapo. Alikuwa na miaka 35. Kamanda wake, Bernard Freyberg, alikiteka kijiji siku iliyofuata akiwa na majeraha manne, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Katika mashua ile ya 1908, msukani Gilchrist Maclagan alikwishakufa Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, na Ronald Sanderson akafuata mwaka 1918.

Wapo watakaosema angebaki na makasia angepata dhahabu mbili. Sawa, pengine. Blackstaffe alikuwa wa kushindika, muda wa 1905 unashuhudia. Lakini leo ni nani, nje ya klabu za Henley, anayemkumbuka Blackstaffe?

Anayetaka kumsikia Kelly atafute rekodi intanetini kwa jina lake na neno "Elegy". Asianze na vipande vya piano, ataboreka na kunilaumu mimi. Na asisikilizie spika ya simu, kwa sababu besi zote zitapotea, na kazi kubwa ya maombolezo yale iko kwenye besi.