Uliza Bwana Shamba: Nahamia Kongwa, karanga zitakubali?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimepangiwa kufundisha wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Mjomba wangu ananicheka, eti naenda mahali ambapo karanga ziliwashinda Wazungu na matrekta yao, sembuse mimi na jembe. Nilitaka kukodi ekari mbili nilime hizohizo karanga. Ni kweli ardhi haifai? Na mji wenyewe ukoje?
Mwalimu mpya, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mjomba wako kasikia nusu ya habari. Nimefanya kazi ya ubwana shamba Ugogoni miaka mingi kabla ya kustaafu, na karanga za Kongwa nimezila mbichi, za kuchemsha na za kupondwa ndani ya mlenda. Zinakubali. Kilichokataa ni mpango.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakubwa wakaamua karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 mitambo ikaanza kumiminika. Mingine ilikuwa chakavu za jeshi, mingine vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, wakayaita Shervick. Buldoza mbili zilifungwa mnyororo katikati zikang'oa vichaka, lakini mbuyu ukitia mizizi yake hauondoki kwa amri ya London. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 wakafunga virago, pauni milioni 36 hivi zimeteketea.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo shamba lako lilipo. Ua la karanga likishanyauka, hushusha kijiti kinachochoma udongo, na punje hukulia humo chini. Udongo mwingi wa Kongwa ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukiwa na unyevu unalimika vizuri. Jua likiupiga unakuwa saruji. Mashine zikaja kuvuna udongo umeshakauka, majani yakang'oka, karanga zikabaki ardhini. Mchanga nao ukala majembe ya matrekta. Mgogo anang'oa kwa mkono wakati ardhi bado ina ubichi, anaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo usingoje. Mvua za huko ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati yake zina tabia ya kukatika wiki kadhaa. Panda mbegu ya muda mfupi. Pendo, iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Weka sentimita 50 mstari hadi mstari na 10 shina hadi shina. Jirani atakushauri uberege tu, yaani ukwangue juujuu na kuchoma majani. Mkatalie kwa adabu. Tifua, kisha kinga maji kwa matuta. Ukivuna, anika juu ya turubai, usianike chini kwenye vumbi, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, si jambo la utani.

Kuhusu mji: Kongwa yenyewe ni tulivu, ya ofisi za serikali, upepo na ng'ombe. Utaiingia kwa kuchepuka Mbande, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Sehemu ya ardhi ya ule mradi iligeuzwa ranchi ya taifa. Watoto wa Kizungu walijengewa shule yao Kongwa, baadaye ikahamia Iringa. Reli iliyojengwa kubebea karanga nayo ikang'olewa, ila majengo ya stesheni yaliwafaa wengine: kuanzia 1964 wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na vyama vingine walipiga kambi huko. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwemo. Wengine wamezikwa palepale. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya Kongwa, inaizidi hadithi ya karanga, na wanafunzi wako waambie hivyo.

Ukitaka kelele nenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Malori hushusha mzigo hata kutoka Kiteto, wachukuzi wanaimba, mama lishe wanagombea wateja. Karanga zako pia zitapata mnunuzi hapo, lakini atakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu ili libebe kupita kipimo, lumbesa. Mwambie apime kwenye mizani. Akikataa, mwenzake yuko hatua tano mbele.