Jibu: Usipokee vocha kwa bei nzima ya unga

Usikubali, ndugu yangu. Umeandika kwamba Jumamosi mnakutana kuanzisha vocha za mtaa, za kulipana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa wateja hawana shilingi, na mratibu wenu anataka duka lako lizipokee kwa bei nzima. Halafu ukauliza kama ni halali. Hilo la bei nzima ndilo litakalokufungia duka. Langu lilifungwa hivyo hivyo.

Msimu wa korona, 2020, hoteli za Pwani zilipofunga, huku kwetu Kisauni kila mtu alikuwa na ufundi mkononi lakini mfukoni hana kitu. Tukachapisha vocha, moja sawa na shilingi moja, kila mwanachama akapewa za kuanzia. Mwanzo palipendeza kweli. Fundi cherehani alimlipa msusi, msusi akanunua sukuma kwa mama mboga, mama mboga akashonesha sare ya mwanawe kwa fundi yule yule. Shilingi haikuonekana na kazi ilifanyika.

Sasa sikiliza zilikoishia. Mtu hasuki nywele kila siku, lakini unga huliwa kila siku. Kila vocha iliyozunguka mtaani mwisho wake ilikuwa kaunta yangu: unga, sukari, mafuta. Nami nizipeleke wapi? Tajiri wa duka la jumla anataka shilingi. Pakiti ya unga ya kilo mbili ina faida ya shilingi chache tu, kwa hiyo ukiipokelea vocha kwa bei nzima umetoa mtaji, hukutoa faida. Rafu zikabaki na chumvi na viberiti, droo imejaa karatasi. Na asije mtu hapa kuniambia ningezitumia. Nilizitumia! Wanangu walikuwa na sare za kuwafikisha darasa la nane. Tajiri hapokei sare.

Mratibu wetu kila nikimwendea neno lake lilikuwa moja: vumilia, zitazunguka. Yeye hakuwa na duka, na posho yake ililipwa kwa shilingi. Nilipomuuliza mbele ya kikao ni nani atakayezipokea hizi zilizorundikana kwangu, akasema naivunja moyo jamii. Mimi niliyelisha jamii hiyo kwa mtaji wangu! Mpaka leo linanichoma.

Alipenda kutupigia mfano wa Wörgl, mji mdogo wa Austria uliotoa noti zake mwaka 1932, wakati wa mdororo mkuu. Hakutuambia kwamba halmashauri ya mji ule ilizipokea noti hizo kwa malipo ya kodi, na kwamba aliyetaka aliweza kuzibadilisha kwa fedha za serikali kwa kukatwa 2%. Mwenye duka alikuwa na pa kuzipeleka, mpaka benki kuu ilipozipiga marufuku mwaka 1933. Wala hakugusia Argentina, ambako masoko ya kubadilishana yaliyoanzia Bernal mwaka 1995 yalikadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 mwaka 2002. Mwaka huohuo vocha zilichapishwa ovyo, za kughushi zikaingia, chakula kikaadimika sokoni, na mtandao ukaporomoka.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: mtaji kwa shilingi, vocha kwa faida tu. Bidhaa umeinunua 185 unaiuza 200, basi 185 ije shilingi, 15 ndiyo iwe vocha. Bandika karatasi ukutani kila mteja aisome. Na hata hizo 15, droo ikiwa na vocha nyingi kuliko utakazotumia wiki hiyo kwa mboga, kinyozi na fundi, simamisha. Watakununia, waache wanune. Duka likifungwa hao hao watatembea mbali kutafuta unga.

Kuhusu sheria, waanzilishi wa Bangla-Pesa, vocha za mtaa kama hizi zenu, walikamatwa Mei 2013, papa hapa Mombasa, mtaa wa Bangladesh, wakashtakiwa kwa kughushi. Mashtaka yaliondolewa mwaka huohuo. Msichapishe kitu kinachofanana na noti, na mwoneni wakili kabla, si baada.

Jumamosi, kabla hujatia sahihi, simama umuulize mratibu: vocha zikijaa dukani kwangu, nani atazipokea, na kwa kitu gani? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na jina lake chini. Akikwambia zitazunguka, chukua kofia yako urudi dukani.